Kitunguu Kilibaki Cheupe

Vijana wa idara ya afya waliponiaga nikistaafu mwezi uliopita waliniomba niwaandikie juu ya miaka yangu ya kazi, ili waliopo na watakaokuja wajue tulianzaje. Nimekubali, ila sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikalia kiti cha nani. Hayo yamo kwenye faili, na kwenye faili mambo yamekaa vizuri kuliko yalivyokuwa. Nitaandika juu ya uyoga mmoja mdogo mweupe, ambao kofia yake mara nyingi haizidi kucha ya kidole gumba, na juu ya nilichowafanyia wanawake wawili kwa sababu yake. Wengi wenu mmeniita Bwana Uyoga, na mmeniita hivyo kwa upendo. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini sikuwahi kulifurahia jina hilo.

Nilizaliwa Kisoko, nikasomea Kenya kwa mjomba wangu aliyefanya kazi ya reli, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa mpya kiasi kwamba bendera hazijapauka, niliajiriwa Tororo kuwa bwana afya msaidizi. Siku ya kwanza mkaguzi wetu, Bwana Obbo, alinikabidhi baiskeli, koti la kaki lililoshonewa mtu mnene, kikombe chenye mpini mrefu cha kuchotea viluwiluwi vya mbu, lenzi ya mkono, na muhuri wa nyama. Kisha akaniuliza kama naogopa mbwa. Nilisema siogopi. Akasema nitaogopa, na wiki haikuisha kabla hajathibitika kuwa mkweli.

Bwana Obbo alikuwa mwembamba, mtulivu, mtu wa makamo. Kila ripoti aliisoma mara mbili, akishikilia rula chini ya mstari anaousoma ili jicho lisiruke. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilianzia kwenye karatasi, na aliamini kwamba aliyeandika karatasi ameona alichoandika. Alinifundisha kufungua matamvua ya samaki, kunusa maziwa kabla ya kuyaonja, na kuingia chooni kwa mtu bila kumwaibisha mwenye nyumba. Hayo matatu yamenitosha miaka yote.

Siku za soko nilipelekwa Busia, mpakani na Kenya. Asubuhi wafanyabiashara wa upande wa Kenya walivuka na sufuria, sabuni na samaki wa ziwani, na watu wetu walileta mihogo, wimbi na kuku. Mvua za Machi zilipoanza walikuja wanawake wa Masinya na uyoga katika vikapu. Mmoja wao alikuwa Mama Taaka, mjane wa makamo, Msamia, mwenye sauti ya chini na vidole vyeusi kwa udongo. Alipanga uyoga wake mdogo juu ya majani ya mgomba, mafungu mafungu, na wanunuzi walimpita kila mtu wakaenda kwake. Nilimwendea na lenzi yangu nikamwambia lazima niukague.

"Angalia, bwana afya," akasema. "Lakini wewe unajua unaangalia nini?"

Wanawake wa jirani walicheka, nami nikacheka, maana kweli sikujua. Chuoni tulionyeshwa picha ya uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ambao mpaka nastaafu sijauona Busia hata mmoja. Nilimwomba anifundishe. Juma lililofuata alinipeleka asubuhi shambani kwake Masinya, penye kichuguu kilichobomoka pembeni mwa mihogo.

Uyoga ulikuwa umetapakaa chini kama mchele uliomwagika. Mama Taaka aliniambia kwanza nisiguse. Alitaka nione unavyokaa: mwingi sana, umebanana, kwenye udongo wazi kando ya kichuguu. Halafu akang'oa mmoja taratibu, akachimbua kwa kidole pale ulipotoka. Chini palikuwa na chenga za kahawia, kama mkate mkavu uliopukutika. Alisema mchwa hulima bustani yao ndani ya kichuguu, na mvua zikianza huyatoa makombo yake nje, na uyoga huu huota juu ya makombo hayo. Uyoga mkubwa wa mchwa, ule wa kofia kama sahani, una mzizi mrefu unaoshuka mpaka ndani. Huu mdogo hauna mzizi huo. Una chenga tu. Asipoona chenga, hachumi, hata uyoga uwe umefanana na wake kama pacha.

Alinionyesha kofia, yenye ncha katikati kama chuchu ndogo, na jinsi inavyopasuka kingo ikishafunguka. Shina lake jembamba lilikuwa na nyuzinyuzi, halina pete. Chini ya kofia kulikuwa na mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu, myeupe kwanza, kisha ikaelekea rangi ya waridi. Baadaye mimi mwenyewe nilijaribu kulaza kofia juu ya kioo na kuifunika kwa bakuli mpaka kesho yake, na vumbi lililobaki juu ya kioo lilikuwa la waridi hafifu. Jambo hilo la kioo ndilo pekee katika somo lote lililokuwa langu.

Kisha akanipeleka chini ya miti, penye majani makavu, akanionyesha mwingine. Huo nao ulikuwa mdogo na mweupe, lakini ulisimama mmoja hapa, mwingine pale. Ulikuwa na vigamba vya kahawia juu ya kofia na pete nyembamba kwenye shina, na mikunjo yake ilibaki myeupe hata ukizeeka.

"Lakini mvua kubwa inaosha vigamba," akasema. "Pete pia inaanguka. Unabaki na uyoga nyeupe tu, na macho yako. Ndiyo maana mimi nachimba."

Siyaandiki haya ili mtu aingie porini na kikapu. Mimi niliyeonyeshwa kwa kidole, shambani, bado nilihitaji misimu kadhaa kabla ya kujiamini. Asiyefundishwa na mtu anayejua aache uyoga ulipo.

Mwaka uliofuata Bwana Obbo aliniagiza niandike karatasi ya kuwafundisha akina mama juu ya uyoga salama. Niliandika yote ya Mama Taaka, bila kumtaja, nikachora na picha. Nilipomaliza, nusu ya ukurasa wa pili ilikuwa tupu. Naona haya kusema jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: ile nafasi tupu ilinisumbua. Ilionekana kama kazi isiyokwisha. Nikafungua maelezo yangu ya chuoni, nikakuta mstari niliounakili kwa mwalimu ambaye sikumbuki hata sura yake, kwamba uyoga upikwe na kipande cha kitunguu. Kitunguu kikiwa cheusi ni sumu, kikibaki cheupe ni chakula. Sikuwahi kulijaribu wala kumwuliza mtu. Nililiandika, ukurasa ukajaa, nikaridhika. Karatasi nyingi, kwa taarifa yenu, ziliishia kufungia karanga sokoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mkutano wa kwanza tuliufanya Kwapa, ndani ya kanisa la udongo, na wanawake wapatao arobaini walikuja. Nilimwomba Mama Taaka aje na kikapu chake ili waone uyoga wenyewe. Alikaa mbele, akaonyesha, akajibu maswali, na wanawake walimsikiliza yeye kuliko walivyonisikiliza mimi. Labda hilo nalo lilinichoma. Nilipofika kwenye kitunguu aliinua kichwa.

"Kitunguu inajua nini?" akauliza.

Kanisa zima likacheka. Safari hii sikucheka nao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na koti ambalo hatimaye lilikuwa limepunguzwa kwa fundi.

"Mama, hii ni sayansi," nikamwambia. "Wewe unachuma. Mimi nimesoma."

Kicheko kilikatika. Mama Taaka aliinamia kikapu chake, akaanza kurudisha uyoga ndani. Mwanamke mmoja wa Kiteso aliyekaa safu ya mbele, Adikini, mke wa mkulima aitwaye Omuse, alitaka kuwa na hakika. Aliniuliza kama kitunguu kikibaki cheupe basi ni vizuri. Nilimjibu, mbele ya wote, kwamba kikibaki cheupe ale bila wasiwasi. Maneno hayo niliyasema polepole, ili wayashike.

Waliyashika. Mvua za msimu uliofuata zilikuwa nzito, siku tatu bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya nne Omuse alifika ofisini kwa baiskeli, amelowa mpaka kifuani. Alisema alirudi kutoka safarini akamkuta mkewe na binti yao wanatapika na kuharisha tangu alfajiri, na kwamba jana yake jioni walikuwa wamekula uyoga. Bwana Obbo alitafuta gari la kuwapeleka hospitali, nami nikatangulia Kwapa kwa baiskeli kuchukua masalio ya chakula na kuuliza ulikotoka uyoga, kama utaratibu unavyotaka.

Adikini alikuwa amelala mkekani, na binti yake Amoding, mwenye umri wa miaka sita hivi, ameegemea mgongo wake. Mdogo wa Amoding alikuwa amekataa kula, akanusurika. Nilijitambulisha ingawa alinijua.

"Niliweka kitunguu, bwana afya," akasema. "Ilibaki nyeupe."

Nilimwuliza aliuchuma wapi. Akasema nyuma ya nyumba, chini ya miti. Alikuwa amenunua fungu kwa Mama Taaka siku mbili kabla, wakalila, likawa tamu, na alipoona mwingine mweupe kama ule karibu na nyumbani aliuchuma, akaujaribu kama nilivyomfundisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Ulibaki mchache kati ya majani makavu. Mvua ilikuwa imeziosha kofia zote, safi, hakuna kigamba. Nilichimba kwa kidole. Hapakuwa na chenga, palikuwa na udongo tu. Kwenye shina moja nilikuta kipande cha pete, chembamba kama ganda la kitunguu.

Nilirudi jikoni. Chunguni kulikuwa na mchuzi kidogo, uyoga kiasi, na vipande viwili vya kitunguu, vyeupe kabisa. Nilipaswa kufunga chungu chote kama kilivyo na kukipeleka. Nilivitoa vile vipande kwa vidole vyangu, nikaenda nikavitupa ndani ya shimo la choo. Choo chenyewe nilikuwa nimekikagua mimi na kukisifu. Nimefanya makosa mengine kazini, makosa ya kuchoka na ya kutojua. Hili lilikuwa la makusudi.

Kisha nikachuchumaa karibu na Adikini. Nilimwambia kwamba akisema aliuchuma mwenyewe, yeye ndiye atakayeulizwa na polisi. Nikamwambia aseme uyoga ulitoka sokoni Busia, kwa kuwa kweli alinunua huko wiki ile, na habari za kitunguu aziache. Alikuwa mgonjwa, na binti yake alikuwa anaguna mgongoni kwake, na mimi ndimi niliyevaa koti la serikali. Akakubali kwa kichwa.

Hospitalini, siku ya pili, Amoding aliacha kutapika. Aliketi, akaomba uji, akanywa nusu kikombe. Nilifurahi sana, na sehemu ya furaha hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Sikujua wakati huo kwamba sumu ile huenda hivyo. Haianzi upesi, na ikishaanza huonekana kama imemwachia mtu, kumbe inaendelea kula ini. Siku ya nne macho yake yakawa ya manjano, na jioni yake akafa. Adikini alikula kidogo kuliko mwanawe kwa sababu alimpakulia kwanza, na kwa hiyo akaishi.

Nilihudhuria mazishi nikiwa na koti langu. Omuse alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuwakimbilia kwa baiskeli katika matope yale.

Ripoti yangu ilisema uyoga ulinunuliwa katika soko la Busia. Ilikuwa na kweli ya kutosha kusimama. Bwana Obbo aliisoma mara mbili na rula yake, akaniuliza swali moja, kama nilihakikisha. Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Hakuna mwuzaji wa uyoga mdogo aliyejulikana Busia kumshinda Mama Taaka, na Adikini alionekana na watu akinunua kwake. Amri ikatoka kwamba asiuze tena chakula cha aina yoyote, na kikapu chake kichomwe mbele ya soko ili iwe fundisho. Kazi ya kukichoma nilipewa mimi, kwa kuwa soko lilikuwa langu.

Nilimwaga mafuta ya taa. Watu walisimama duara. Mama Taaka alisimama karibu nami, mikono nyuma, na alisema kwa ile sauti yake ya chini, kiasi kwamba nilisikia mimi peke yangu.

"Okoth, wewe unajua uyoga yangu."

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. Nilimjibu kwamba sheria ni sheria, mama, nikawasha kiberiti.

Baada ya hapo nilipata habari zake kwa wauza samaki. Walisema msibani Masinya alipeleka chungu cha maharage kama jirani yeyote, na jioni akarudishiwa kimejaa. Walisema watoto walikatazwa kunywa maji kwake. Mimi niliendelea na kazi. Karatasi zilipokwisha nilichapisha nyingine, nikautoa mstari wa kitunguu kimyakimya, nikajaza ile nafasi kwa mchoro mkubwa zaidi. Niliwafundisha wasaidizi wapya uyoga wa mchwa vizuri sana: chenga, ncha, pete, kioo. Nilialikwa kufundisha hata nje ya wilaya. Nilijua uyoga, na karibu kila nilichojua kilikuwa cha mwanamke niliyemfunga mdomo.

Miaka ilipita. Mwishoni mwa muongo huo huo nilikuwa nimemaliza somo katika zahanati moja, na mkunga mmoja mtu mzima, aitwaye Nabwire, alibaki nyuma wengine walipotoka. Aliniambia somo limempendeza, kisha akasema maneno yale, hata lile la mkate uliopukutika, ameyasikia tangu utotoni kwa shangazi yake. Nilimwuliza shangazi yake ni nani, ingawa nilishajua. Akasema ni Taaka wa Masinya, na kwamba siku hizi hatoki sana nyumbani. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua kama mimi na shangazi yake tulifundishwa na mtu mmoja. Nilimjibu kwamba mimi nilifundishwa na shangazi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

Jumamosi yake nilikwenda Masinya bila koti. Mama Taaka alikuwa uani akiambua maharage. Alikuwa amekonda. Alinionyesha kigoda, nikakaa, nikamweleza yote, la choo pia na la kumtisha Adikini. Aliendelea kuambua mpaka nikamaliza.

"Najua," akasema. "Adikini alikuja mwaka ule ule. Alilia hapo ulipokaa."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema. Akaniuliza angemwambia nani, maana karatasi ilikuwa yangu. Na Adikini alikuwa na kaburi jipya uani na polisi niliomtishia nao; yeye Taaka asingemwongezea mzigo. Wanawake hao wawili walikuwa wametembeleana miaka yote ile, na mimi nilidhani siri ilikuwa kwangu.

Kisha akaweka ungo chini. "Ile kitunguu, uliitoa?"

Nilisema nilikitoa kwenye karatasi.

"Na kwa watu?"

Nilisema kwa watu bado.

"Hawa wanawake hawasomi karatasi, Okoth. Walisikia mdomo yako. Rudi na mdomo."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Sikuona kwamba nina haki ya kumpa kazi hiyo nayo.

Jumatatu niliandika maelezo mapya nikampelekea Bwana Obbo, ambaye alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Alisoma mara mbili. Aliweka rula mezani, akasema, "Nilikuuliza kama ulihakikisha." Hakuniaga siku alipoondoka. Maelezo yalikwenda kwa wakubwa, nikapewa barua ya onyo, nikaachwa kazini. Wakati ule niliona wamenihurumia. Leo sina hakika kama walimfikiria Amoding. Amri juu ya Mama Taaka ilifutwa na ikatangazwa sokoni, na tangazo nililisoma mimi, pale pale pa kikapu, pamoja na sababu. Yeye hakurudi kuuza. Alimwambia Nabwire kwamba watakaonunua kwake sasa watanunua kwa huruma, na uyoga wake hauhitaji huruma.

Kwapa nilirudi katika kanisa lile lile. Wanawake walikuja wengi, na Omuse alisimama mlangoni kwa kuwa alisikia nitasema jambo. Adikini alikaa mbele. Nilisema kitunguu hakipimi chochote, kwamba kinaweza kubaki cheupe katika chungu chenye sumu, kwamba mimi ndiye niliyewaambia kinyume, na kwamba Adikini alifanya sawasawa na nilivyomfundisha. Nilisema na la choo.

Omuse ndiye aliyezungumza. "Siku ya mazishi nilikushukuru," akasema.

Nikasema ndiyo.

Alivaa kofia yake akaondoka. Niliishi na kufanya kazi maeneo yale miaka mingi baadaye, na tulikutana njiani mara nyingi. Hakunisalimia tena, na sikuona kwamba ana deni la salamu.

Adikini hakuondoka. Aligeuka pale alipokaa, akawatazama wenzake. "Mmesikia," akawaambia. "Kitunguu haijui." Kisha akarudia kwa Kiteso, kwa ajili ya wazee.

Msimu ule wote nilizunguka kwa baiskeli kila mahali nilipowahi kufundisha, nikasema maneno hayo hayo. Penye kumi walinitukana watatu, na niliwapenda hao watatu kuliko walionyamaza. Mahali pa mwisho palikuwa kwetu Kisoko. Nilipomaliza, jirani ya mama yangu, Mama Athieno, alinifuata akiwa na wasiwasi. Alisema alimfundisha binti yake kitunguu kabla hajaolewa, akijisifu kwamba ni mafunzo ya mtoto wetu Okoth. Binti huyo, Nyaketcho, alikuwa ameolewa upande wa Kenya, mbele ya Malaba, kwa watu ambao jina la kijiji chao Mama Athieno hakulishika vizuri.

Nilivuka mara ya kwanza sikumpata. Mara ya pili nilielekezwa kwa Nyaketcho mwingine, mzee kabisa, aliyenikaribisha chai. Mara ya tatu, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, nilimkuta mwenyewe akitwanga mtama mbele ya nyumba, mzima, na watoto wake watatu wazima wanamzunguka. Nilikaa chini pasipo kukaribishwa. Nilimweleza. Alisikiliza, akauweka mchi kando, akasema ni bahati, mwaka huu hawajala uyoga. Kisha uso wake ukabadilika. Aliniambia yeye naye amewafundisha wenzake wa kijiji, na dada za mumewe walioolewa mbali, na wanawake anaokutana nao kisimani. Nikamwomba anitajie. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja, halafu mwingine, na vidole vilipokwisha akawaita watoto waje wamkumbushe majina.